Ziwa Likiuma, Mbona Twanyamaza?

Rafiki yangu mmoja wa Kibokoni alienda duka la dawa akamwambia kaka wa kaunta, "Naumwa na kifua." Kaka akamuuliza kama anakohoa. Akasema eh, kidogo. Akauziwa dawa ya kikohozi, akalipa, akarudi nayo nyumbani akaiweka juu ya kabati. Alichokuwa nacho ni jipu chini ya ziwa la kushoto. Siku hiyo lilikuwa kama punje ya kunde. Siku nne baadaye lilikuwa kama limau na hawezi kulala ubavu.

Nikamuuliza, mbona hukusema ziwa? Akaniangalia kama nimemtukania mamake. "Nimwambie yule mwanamume? Na nyuma yangu kuna foleni, na wa pili kwenye foleni ni jirani yetu?"

Sasa hebu tuseme ukweli. Sisi watu wa Mji wa Kale si watu wa haya kiasi hicho. Nenda usiku wa kupamba, ukumbi umejaa wanawake watupu, ngoma ya chakacha inalia, usikie bibi wa miaka 70 vile anavyotaja mwili wa mwanadamu bila kupepesa jicho. Tukicheza twasema kila kitu. Tukiugua twakosa neno. Ziwa linakuwa kifua, kifua kinakuwa "huku juu", mwisho ni kunyoosha kidole tu na kuangalia chini. Na huyu wa kukutibu atajuaje?

Nimeamua kuandika hii kwa sababu tangu nilipogusia majipu ya kwapani kwenye video moja, inboksi yangu haijatulia. Wasichana wa miaka 16, 19, 22. Swali ni lile lile kwa maneno tofauti: nina kipele kwenye ziwa, kinauma, je, ni kansa? Mimi si daktari. Chuo chenyewe nilitoka kabla ya kumaliza, na nilikuwa nasomea biashara. Lakini vipele hivi ninavyo mwenyewe tangu nina miaka 17, na madaktari walionieleza vizuri walinieleza kwa lugha ninayoielewa. Kwa hivyo napitisha.

Jibu la haraka kwanza, mpumue. Kipele kilicho kwenye ngozi yenyewe, chenye kichwa, kinachouma ukikigusa, kilichotokea ndani ya siku mbili tatu, kwa msichana wa umri wetu mara nyingi sana si kansa. Ziwa limefunikwa na ngozi kama mkono ulivyofunikwa na ngozi. Lina malaika, lina jasho, lina mafuta. Chochote kinachoweza kukupata kwapani au mapajani kinaweza kukupata hapo pia.

Na sisi tumejiwekea mazingira mazuri ya kukipata. Fikiria kaskazi, Februari au Machi, nyuzi 32 au 33, na ule unyevu wa baharini ambao ukitoka kuoga hujui kama umeshajifuta au bado. Ndani umevaa sidiria ya sponji nene, labda ya mtumba wa Kongowea na kipimo si chako, juu yake dera, juu yake buibui jeusi. Umetembea kutoka Marikiti mpaka Ndia Kuu na mfuko wa mboga. Chini ya ziwa, pale ngozi inapolalia ngozi, pamekuwa bahari ndogo. Siwaambii muache kuvaa mnavyovaa. Nasema tu ngozi hiyo haijapata hewa tangu asubuhi.

Kinachotokea ni hivi. Kila unywele una kitundu chake. Jasho, msuguano na wembe vinakijeruhi. Juu ya ngozi ya kila mtu, hata anayeoga mara tatu kwa siku, wanaishi bakteria, mmoja maarufu akiitwa stafilokoki. Akipata mlango anaingia. Mwili nao unapeleka askari wake kupigana, na maiti za vita hiyo ndizo usaha. Kikibaki juu juu ni kipele tu, kitapita. Kikishuka chini kikajikusanya, hilo ndilo jipu.

Lakini si kila kitu hapo ni jipu. Zile chunjua ndogo zilizozunguka chuchu kwenye ile ngozi nyeusi, wallahi waacheni. Hizo ni tezi za mafuta, kila mwanamke anazo, wengine zaonekana zaidi, na wakati wa hedhi au mimba zinajitokeza. Kuna dada aliniandikia kwamba anazikamua kila Ijumaa. Kila Ijumaa! Unajitengenezea jipu kwa mkono wako.

Harara mnaijua, vipele vidogo vingi vya joto, vinawasha na kuchoma, ukikaa penye upepo vinatulia. Fangasi chini ya ziwa ni jambo jingine: ngozi imebabuka, imelowa, inawasha, pengine inanuka, na pembeni kuna vidoadoa vimetawanyika. Hiyo ina krimu yake na inapona. Shida ni kwamba wengi wetu tunaipaka zile krimu za kung'arisha uso, ambazo nyingi zina steroidi ndani. Kwa siku mbili inatulia, unasema alhamdulillahi. Fangasi inashukuru zaidi yako, kwa sababu steroidi inawalaza wale askari niliowataja. Wiki ya pili imetanuka mpaka ubavuni, na ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa.

Kuna na kifuko cha mafuta, uvimbe wa duara chini ya ngozi, aghalabu una kidoti cheusi katikati. Unaweza kukaa nacho miaka kimya, siku moja kikawaka na kuuma kama jipu. Na kuna mkanda wa jeshi. Huo ukikupata utaujua, moto wa ajabu upande mmoja tu wa kifua, kisha malengelenge yamejipanga mstari kuelekea mgongoni. Hapo usingoje. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee.

Sasa nije kwa kile kilichonifanya nikaingia kwenye mambo haya.

Nilipokuwa na miaka 17 nilitoka uvimbe kwapani, ukapasuka, ukapona. Ukarudi. Kisha mmoja chini ya ziwa la kulia, kwenye mstari wa sidiria. Kisha mapajani. Mamangu alinipeleka kliniki moja mjini, siitaji. Aliyetuhudumia aliniangalia mara moja, hakunigusa, akamwambia mama, si mimi, mama: "Mwambie mtoto ajifunze kuoga vizuri." Mamangu ni mtu wa kufua shuka kila baada ya siku tatu. Tulirudi nyumbani kwa tuktuk na hakuna aliyesema neno njia nzima. Usiku ule alininunulia sabuni ya dawa na kuniwekea ndoo mbili za maji badala ya moja.

Nilioga mara nne kwa siku karibu mwaka mzima. Vipele vilirudi vile vile. Shangazi yangu akasema ni kijicho, nimeonekana, nisomewe. Nikasomewa, na dua sina ugomvi nayo mpaka leo. Lakini hakuna mtu aliyeniambia kwamba kitu hiki kina jina.

Kina jina. Kinaitwa hidradenitisi sapurativa. Madaktari wa Ufaransa walikuwa wakikiandika tangu karne ya 19, kwa hivyo si kitu kipya wala si cha Mombasa peke yake. Ni ugonjwa wa vitundu vya nywele kwenye sehemu zinazosuguana: kwapa, chini ya maziwa, kinena, mapaja, makalio. Vitundu vinaziba, vinapasukia ndani kwa ndani, mwili unawaka. Huanza baada ya kubalehe, mara nyingi kwenye umri huu wetu. Hauambukizi. Hauletwi na uchafu. Narudia hiyo kwa sababu niliisubiri miaka minne kuisikia: hauletwi na uchafu. Sigara inauchochea, unene unauchochea, wengine wameurithi. Utafiti mmoja wa nchi kadhaa uliotoka 2015 ulipata kwamba kwa wastani mgonjwa hukaa zaidi ya miaka 7 tangu dalili za kwanza mpaka kuambiwa jina la ugonjwa wake. Miaka 7 ya kuambiwa nenda kaoge.

Daktari wa ngozi aliyeniambia hakutumia hata dakika tano. Aliuliza maswali matatu: vinarudi? Mara ngapi kwa miezi sita? Vinatokea sehemu zipi? Akaona makovu, akaona vidoti vyeusi viwili vilivyopakana, akasema. Nikalia pale pale kwenye kiti, naye akanipa tishu akaendelea kuandika. Hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, alinieleza hivyo bila kuzungusha, lakini unaweza kufugwa. Dawa ya kuoshea inayoua bakteria, losheni ya antibiotiki, wakati mwingine vidonge vya wiki nyingi, na wengine hufikia kufanyiwa upasuaji. Nilipata watatu mwaka jana. Zamani ni watatu kwa mwezi.

Kwa hivyo wewe ambaye "majipu" yako yanarudi pale pale, mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, kwapani na chini ya ziwa, acha kununua sabuni. Omba kuonwa na daktari wa ngozi na umtajie jina hilo.

Haya, turudi kwa jipu la kawaida, la yule rafiki yangu. Siku ya tano binamu yake alimwekea dawa ya meno, kisha wakachukua sindano ya kushonea, wakaichoma kwa kiberiti, wakatoboa. Usaha ukatoka kidogo, wakafurahi. Kumbe nusu umesukumwa ndani. Usiku homa ikapanda, baridi inamtetemesha na ni Machi. Asubuhi walimkimbiza Makadara (wageni huiita Coast General) akapigwa ganzi, akapasuliwa, akawekewa kitambaa ndani ya kidonda na kurudi kukibadilisha siku baada ya siku. Amebaki na kovu lenye urefu wa kidole gumba. Siku ya kwanza ingetosha taulo na maji ya moto.

Taulo na maji ya moto ndiyo dawa ya nyumbani ninayoiamini. Maji yawe moto wa kuvumilika, si wa kukubabua. Lowesha kitambaa safi, kamua, kandika dakika 10 mpaka 15, mara tatu au nne kwa siku. Vaa kitu cha pamba kisichobana, lala bila sidiria. Usikamue, usitoboe, usipake dawa ya meno, wala manjano na chumvi na sijui nini. Na usimeze zile antibiotiki nne alizobakisha dadako alipougua koo. Dozi nusu haiui, inafundisha bakteria mbinu. Kipele kidogo kitatulia au kitapasuka chenyewe ndani ya siku chache.

Usipoona nafuu baada ya siku mbili tatu, au kinakua, nenda. Siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, nenda kama una homa au baridi ya kutetemeka, kama maumivu yanapanda, kama wekundu unatambaa kutoka pale kwenye kipele, au kama una kisukari. Na hapo kwenye wekundu nina neno. Picha zote mtandaoni ni za ngozi nyeupe, ziwa limekuwa jekundu kama nyanya. Ngozi zetu hazifanyi hivyo. Zinakuwa zambarau, au kahawia iliyokolea, au zinang'aa tu kama zimepakwa mafuta. Tumia mgongo wa mkono: pima joto la ziwa hili na lile jingine. Likiwa moto kuliko mwenzake, limevimba na ngozi imejikaza, huo ndio wekundu wako.

Wenzangu mlioolewa mkiwa na miaka 19, 20, najua mko hapa wengi. Mkiwa mwanyonyesha, sheria yabadilika. Ziwa likivimba upande mmoja, likauma, na mwili ukawa kama wa malaria, hapo pengine uvimbe uko ndani ya ziwa lenyewe, wala si kwenye ngozi. Nenda mapema. Na usikubali kuambiwa maziwa yameharibika, mwachishe mtoto. Kwa kawaida mama anaendelea kunyonyesha, na maziwa kutoka kunasaidia. Nawaheshimu sana mashangazi wanaokaa nasi kwenye arobaini, kukanda kwao na uji wao hauna mfano, lakini kulikanda kwa nguvu ziwa lenye usaha ni kuliumiza zaidi. Ukiwa na jipu la ndani, daktari mara nyingi anaweza kulivuta kwa sindano bila hata kisu.

Sasa nataka niseme kitu ambacho si cha vipele vinavyouma, lakini siwezi kukiacha.

Mamake rafiki yangu mwingine alikuwa na uvimbe ziwani. Alikuwa nao zaidi ya mwaka. Hakumwambia mtu, na alipoulizwa baadaye alisema neno moja: haukuwa ukiuma. Alikuwa anatusikia sisi tukilia na vipele vyetu na anatuchekea, yeye wake umetulia tu. Alipoenda, ngozi ilikuwa imekunjana kama ganda la chungwa na chuchu imeingia ndani. Tulimzika Rajabu.

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Kenya. Na mara nyingi mwanzo wake hauumi. Ndiyo kinyume cha tunavyofikiri. Kipele chenye kichwa kinatupigisha kelele usiku kucha, na kile kigumu kisichosema kitu tunakipa mwaka. Kwa umri wetu, uvimbe mwingi usiouma unaokimbia chini ya kidole kama gololi huwa ni faibroadenoma, ambayo si saratani. Lakini huwezi kuijua kwa vidole vyako wala vya mama mkwe. Uvimbe wowote ndani ya ziwa ambao hedhi imekuja ikapita na wenyewe bado upo, uonwe. Ngozi iliyobonyea, iliyokunjana, chuchu iliyogeuka ndani na zamani haikuwa hivyo, damu kwenye chuchu, kidonda au ukurutu wa chuchu moja usiopona, vionwe. Na ukipewa antibiotiki za ziwa lililovimba, ukamaliza dozi na uvimbe umebaki vile vile, usihesabu umetibiwa. Rudi useme haijaisha. Kuna saratani adimu inayojifanya uambukizo, na mara chache hata kifua kikuu hukaa ziwani na kutoa usaha usiokoma.

Pesa. Najua. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na SHA ndiyo ipo, na ukishajisajili, huduma za kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali zinatakiwa kuwa bure. Anzia hapo. Kisiwani kuna hospitali ya Tudor, kuna Makadara kwa mambo makubwa. Mtanivumilia nikisema foleni ni ndefu, beba maji na chaja.

Kuhusu kuonwa na mwanamume, hili ndilo linalowarudisha wengi mlangoni. Una haki ya kuuliza kama yuko daktari au klinika wa kike. Uliza pale pale unapoandikisha, usingoje mpaka umeshaingia chumbani. Asipokuwepo, una haki ya kutaka sista abaki ndani, au uingie na mamako, dadako, rafiki. Huhitaji kuvua kila kitu, leso ikifunika upande mmoja upande wa pili unaangaliwa. Mimi huenda na leso yangu kabisa. Daktari mmoja alisoma jina la leso kwa sauti akacheka mpaka akasahau kuniuliza umri.

Kabla ya kwenda, andika kwenye simu: kilianza lini, kiko upande gani, kinauma au hakiumi, kimewahi kutoka kabla, umepaka nini, hedhi ya mwisho lini, kama una mimba au wanyonyesha. Ukifika ukashikwa na haya mdomo ukakauka, mpe simu asome. Inakubalika kabisa.

Mkitaka pia pigeni picha ya kipele kila siku mbili, ili daktari aone kilivyobadilika, na mzifiche vizuri maana simu zetu zapita mikono mingi nyumbani. Ila tafadhali, nawaomba kwa Mungu, msinitumie mimi. Nafuta bila kuangalia, na juzi moja iliingia nikiwa nimemshikisha simu baba anitafutie namba ya fundi wa friji.